Poti zilizofungwa si ushahidi kwamba seva ni salama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi tunaosimamia seva hatujalipa uzito unaostahili. Ukaguzi wetu wa usalama mara nyingi huanza na kuishia kwenye swali moja, la poti zipi (milango ya mtandao ambayo seva hupokelea mawasiliano) ziko wazi, na zikionekana zimefungwa, ripoti hutiwa saini. Programu hasidi iitwayo BPFDoor, iliyofichuliwa hadharani mwaka 2022 baada ya kutumika kwa miaka kadhaa, imeonyesha kuwa swali hilo halitoshi.

Jina lake limetokana na BPF (Berkeley Packet Filter), kichujio cha pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, kilichobuniwa na Steven McCanne na Van Jacobson katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nia yao ilikuwa njema: programu ya kuchunguza mtandao iikabidhi kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, masharti yake, nayo kerneli iiletee pakiti zinazotakiwa tu. Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, inaruhusu kichujio cha namna hiyo kuwekwa kwenye soketi (kiungo ambacho programu hupokelea data ya mtandao), na zana za kuchunguza mtandao kama tcpdump zinakitegemea hadi leo.

Mdukuzi aliyekwisha kuingia na kupata mamlaka ya mtumiaji mkuu (hili lisisahaulike, kwani kichujio hakimwingizi mtu, humsaidia kubaki) hufungua soketi ghafi, yaani inayopokea pakiti zote kama zilivyofika, huiwekea kichujio chake, kisha huiacha programu yake ikae kimya. Haifungui poti yoyote wala haiwasiliani na bwana wake. Siku anapoihitaji, hutuma pakiti moja yenye alama. Katika matoleo yaliyochambuliwa mwanzoni, pakiti ya itifaki ya TCP ilibeba baiti 0x5293, na ya itifaki za UDP au ICMP ilibeba 0x7255. Kichujio kikiitambua alama hiyo na nenosiri likakubalika, mlango wa siri hufunguka. Pakiti yenyewe yaweza kupitia poti ya wavuti iliyo wazi kihalali, ikapotea katikati ya pakiti za wateja.

Linalonitia hofu zaidi ni mahali soketi hiyo inapokaa. Hupata nakala ya pakiti kabla kanuni za iptables (ukuta wa moto wa Linux unaokubali au kukataa pakiti) za seva ileile hazijaigusa, hivyo pakiti tunayodhani tumeikataa inakuwa imekwisha kusomwa. Tena, BPFDoor huweza kuongeza kanuni zake yenyewe kwenye iptables, ili mawasiliano ya mdukuzi yanayofika kwenye poti halali yaelekezwe kwenye poti nyingine iliyofichwa.

Madhara yake yamekwisha kuonekana. Mwaka 2025, kampuni ya simu ya SK Telecom ya Korea Kusini iligundua kuvuja kwa taarifa za kadi za SIM za wateja zaidi ya milioni 20, na uchunguzi ukaikuta BPFDoor ndani ya seva zake, huku uvamizi wenyewe ukiwa ulianza tangu mwaka 2021. Mlango wa namna hiyo ukikaa kimya, ukaguzi wa poti kutoka nje hauwezi kuuibua.

Nawasihi wenzangu waanze kukagua kutokea ndani. Amri ya ss -0pb, ikiendeshwa na mtumiaji mkuu, huonyesha soketi za pakiti, vichujio vilivyowekwa juu yake na programu inayozimiliki. Kwenye seva ya kawaida orodha hiyo huwa fupi mno, pengine programu ya DHCP (inayoipatia seva anwani ya mtandao) peke yake, kwa hiyo kila jina lililomo lidaiwe maelezo. Jina lenyewe lisiaminiwe, maana BPFDoor hujivika majina ya huduma za kawaida za mfumo. Itazamwe njia ya exe chini ya /proc (saraka ambamo Linux huonyesha kila programu inayoendeshwa na faili ilikotoka), na ikionekana kwamba faili la programu inayoendelea kufanya kazi limekwisha kufutwa, hasa lililokuwa ndani ya /dev/shm (saraka iliyo ndani ya RAM), seva hiyo itengwe na yaliyomo kwenye RAM yake yahifadhiwe kabla mtu hajaizima, kwa sababu ikizimwa ushahidi mwingi hupotea nayo.

Wako,
Msimamizi wa seva