Anaepika aulizwe kabla fundi hajabomoa ukuta

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na wenye nyumba wanaotaka kukarabati jiko, hasa kina baba, maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu.

Hapa Dar siku hizi ukipita mtaani hukosi nyumba inayobomoa jiko la zamani iweke la kisasa, na mimi sipingi kabisa, majiko mengi ya zamani ni kachumba ka giza au kibanda cha uani, moshi unakumaliza macho. Tatizo ni utaratibu. Baba anakaa na fundi, wanaangalia picha kwenye simu, wanakubaliana kaunta ya granaiti na makabati mpaka darini, bei inapatanwa, advansi inatoka, halafu yule atakaesimama humo asubuhi na jioni anaitwa mwishoni achague rangi ya marumaru. Hiyo sio kumshirikisha jamani.

Kwetu mambo yalikuwa yanaelekea hukohuko mpaka mama mkwe alipomuuliza fundi swali moja tu, "Baba, nazi itakuniwa wapi?" Fundi akanyamaza, akaangalia mchoro wake, hakuwa na jibu. Mbuzi ya nazi haikai juu ya kaunta, mtu anakaa chini, anahitaji nafasi ya kunyoosha miguu na kuweka beseni mbele, na maji yawe karibu. Ikabidi ukuta mmoja uachwe bila makabati, na pale mlango wa nyuma tukaacha sakafu ya simenti bila marumaru kwa ajili ya kinu, maana ukitwanga juu ya marumaru inapasuka. Vitu viwili hivyo havikuongeza hata shilingi, tena vilipunguza, ila visingeulizwa tungekuwa tunakunia nazi sebuleni mpaka leo.

Kaunta nayo fundi anaweka urefu aliozoea. Mwambie mpishi asimame pale, akunje kiwiko, kaunta iwe chini ya kiwiko kama kiganja kimoja hivi, na sehemu ya kukandia chapati ishuke zaidi kidogo kwa sababu unga unakandwa kwa uzito wa mwili sio mikono peke yake. Na kama anaepika hapo nyumbani ni dada wa kazi basi yeye ndo aitwe apimwe, asionekane mdogo wa kuulizwa, mgongo utakaouma ni wake.

Sasa kubwa kuliko yote ni gesi. Mwezi Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, na mitungi kweli imesambaa, ule mdogo wa kilo 6 mpaka wa kilo 15 unaukuta majumbani kila kona. Lakini majiko tunayojenga hayajajiandaa kuupokea. Unakuta kabati limefungwa vizuri, linapendeza, mtungi umewekwa humo ndani chini ya kaunta, hamna hata tundu. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu itoke dirishani, inatuama chini sakafuni, inajikusanya kwenye hilo kabati, inasubiri cheche ya swichi au ya friji. Kwa hiyo mtungi utoke nje ya ukuta, umesimama wima kwenye kijibanda chenye wavu kinachopitisha hewa, tena usiwe jirani na chemba ya maji machafu maana gesi inaweza kuteremkia humo. Anaekaa ghorofani na hana pa kuutoa, basi angalau kabati liwe na matundu kule chini kabisa usawa wa sakafu, sio juu. Hii ni kazi ya nusu siku kama imepangwa mapema, ila ukishabandika marumaru ndo utaambiwa haiwezekani.

Hapo hapo niseme, bomba na waya vimalizike vyote kabla ya plasta. Jiko la umeme lina waya wake mnene, wa milimita 6 za mraba, na swichi yake kwenye boksi la swichi kuu, usikubali fundi aunganishe na wa soketi ule wa 2.5, utaungua. Bomba lijazwe maji lilale usiku mzima mvujo uonekane, halafu piga picha kuta zote zikiwa wazi ili kesho ukitaka kutoboa ujue waya umepita wapi. Na hela itoke kwa hatua, jirani yangu alimlipa fundi karibu yote mwanzoni, jiko likakaa wazi mvua zote za masika.

Halafu kipindi chenyewe cha ujenzi. Wanaume wengi wanaondoka asubuhi wanarudi jioni wanaulizia chakula kama kawaida. Vumbi la kukata marumaru linaingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa, maji unachota bafuni, vyombo unaoshea uani umeinama, mtoto ana kikohozi. Jiko la muda litengenezwe kabla nyundo haijagusa ukuta, barazani au uani, meza, ndoo yenye bomba, kivuli cha turubai, na friji ihamishwe mapema. Na mlango wa jikoni uzibwe kwa nailoni kuanzia siku ya kwanza. Hivi baba mwenye nyumba anaviweza kwa mchana mmoja wa Jumapili.

Ombi langu kwa wizara, kwenye hayo matangazo ya nishati safi msiishie kuonyesha mtungi na jiko, onyesheni mtungi unakaa wapi. Na VETA mnaofundisha vijana ujenzi, wafundisheni kwamba kabla ya kuchora jiko waombe kuonana na anaepika, wamwangalie akipika mlo mmoja mpaka mwisho, ndo wachukue futi wapime.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam