Modeli ya Chombo cha Anga: Hesabu Miguu Kwanza

Mhariri,

Anayetaka kutambua modeli ya zamani ya chombo cha anga asianze na rangi, maana nyingi zimepakwa upya. Ahesabu miguu. Chombo cha Apollo, mradi wa Marekani, kilichotua mwezini kilikuwa na miguu 4 na madirisha ya pembetatu. Modeli yenye miguu 5 na madirisha makubwa yaliyopinda inafuata michoro ya mwanzo ya Grumman, kampuni iliyokiunda chombo hicho, ya 1962. Hiyo ni hazina!

Kama ni koni, apime upana wa kitako. Kwa kipimo cha 1:48 (modeli ni ndogo mara 48 kuliko chombo halisi), koni ya Apollo iliyobeba wanaanga, ya mita 3.9, hutoa sentimita 8.1; vyombo vya Marekani vilivyoitangulia, Gemini pamoja na sehemu yake ya nyuma hutoa 6.4, na Mercury 4 tu.

Tafadhali asisugue kwa spiriti, itafuta lebo. Amulike tochi kwa mshazari, na herufi zilizochongwa zitajitokeza.

Mpenzi wa modeli