Siogopi kusimama mbele ya watu, ila nawachosha

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo, na pole na kazi ya kusoma shida zetu. Mimi ni afisa ugani katika kata moja ya Wilaya ya Kongwa, Dodoma. Huku kila mtu ananiita bibi shamba, ingawa arobaini bado sijaifikia. Tatizo langu ni kuzungumza mbele ya watu, lakini nakuomba usiharakishe kudhani umeshalijua. Siogopi. Mikono haitetemeki, koo halikauki, hata mkuu wa wilaya akiwepo nasimama na kusema. Shida ni kwamba nawachosha watu. Kila ninayemwomba ushauri ananiambia nivute pumzi, nijiamini, nitazame juu ya vichwa vyao. Hizo ni dawa za ugonjwa nisio nao.

Ninalotakiwa kulisema ni zito. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye karanga na mahindi, huioni kwa macho, na kupika hakuiondoi. Inaharibu ini. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa hii ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo siwahubirii mambo ya ng'ambo, nawaambia kuhusu ghala lao wenyewe.

Sasa uone ninavyowaambia. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji nafasi yangu ni "Mengineyo". Kabla yangu kuna taarifa ya mapato na matumizi, kuna mchango wa madarasa, kuna ng'ombe walioingia kwenye shamba la mtu, na hao ng'ombe peke yao huchukua saa nzima. Nikipewa nafasi ni saa nane mchana na kivuli cha mbuyu kimeshahama. Naanza na "Kongwa oyee!" Wanaitikia "Oyee!" kwa nguvu zote. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwenye mambo yake. Mmoja anachokonoa meno, mwingine anachora chini kwa fimbo, mwenyekiti anasoma meseji. Mimi naendelea na unyevu, fangasi, na kiwango kisichozidi mikrogramu 10 kwa kilo moja, kwa sababu ndicho kiwango cha Afrika Mashariki na ndivyo mwongozo ulivyoandikwa. Nikimaliza napigiwa makofi matatu. "Kuna swali?" Mzee mmoja ananyanyua mkono na kuuliza mbolea ya ruzuku inakuja lini.

Ungedhani sina kipaji kabisa. Lakini msimu uliopita nilipita nyumbani kwa mama mmoja, nikakuta wanawake kadhaa wamekaa kwenye mkeka wanamenya karanga. Pembeni kulikuwa na ndoo ya maji, maana huku wengi huzinyunyizia maji ili maganda yalainike na vidole visichubuke. Hapo hapo ndipo ukungu unapokaribishwa. Nikakaa, nikaanza kumenya nao. Nikakutana na punje iliyosinyaa, ina vumbi la kijani lililochanganyika na unjano. Nikaiweka kiganjani nikamuuliza mwenye nyumba, "Mama, hii mnaipeleka wapi?" Akasema nzuri zinaenda sokoni, hizo mbovu wanatwanga za kuungia mboga. Sikusema neno. Mkwe wake akamtazama mtoto aliyekuwa mgongoni kwake, kisha wote wakaanza kuniuliza kwa pamoja, hadi nikashindwa nimjibu nani kwanza. Hakuna aliyeuliza mbolea.

Mshauri, yule wa kwenye mkeka na yule wa chini ya mbuyu ni mtu mmoja. Ninachotaka kujua ni namna ya kumchukua wa kwenye mkeka nikamsimamishe mbele ya watu mia mbili.

Nimejaribu mambo. Wilaya ilituletea mafunzo ya kuzungumza na umma, tukafundishwa kutumia projekta. Kijijini kwangu kuna maeneo umeme haujafika, na hata ulipofika sijui hiyo picha ningeiangusha wapi saa nane mchana. Nikajaribu kuanza na hadithi, nikaleta ule mpango wa karanga wa Waingereza, waliokuja hapa hapa Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao wakaishia kushindwa. Wazee waliamka kweli! Waliamka mno. Kila mmoja alikuwa na la baba yake, na mkutano ukafungwa bado tuko kwenye matrekta.

Nikajaribu pia maneno matatu. Wote tunajua Mwalimu Nyerere alipotangaza kumpiga Idi Amin mwaka 1978 alivyoacha uwezo, sababu na nia vichwani mwa watu, hadi vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wanayajua. Nami nikatunga "Anika, chambua, hifadhi". Wanaiimba vizuri sana. Na bado wanamwagia karanga maji, kwa sababu hilo halimo kwenye wimbo.

Anayenitesa zaidi ni yule muuza dawa za panya na kunguni kwenye mnada. Huwa nasimama kwa mbali namwangalia. Hana ripoti, hana karatasi. Anauliza, "Nani hapa jana usiku amejikuna?" halafu ananyamaza kabisa. Huo ukimya wake mimi siuwezi, nikinyamaza hata kidogo naona kama nimesahau, najaza kwa "kwa hiyo ndugu zangu". Kisha anatoa panya mkavu mfukoni, watu wanasogea. Ila dawa yake anasema inatibu na kuku, na hapo ndipo ninapokwama. Nikimwiga nitaonekana kituko, na mimi ni mtumishi wa serikali. Mpaka uko wapi kati ya kuvuta watu na kuwachezea? Kile kiwango cha mikrogramu nikiache kabisa, au kuna namna ya kukisema mtu akakiona?

Halafu kuna jambo la viti, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote. Wazee wanakaa mbele kwenye viti. Wanawake wanakaa nyuma chini, na watoto. Anayemenya, anayechambua, anayeamua zipi za sokoni na zipi za sufuria ni yule wa nyuma kabisa, ambaye sauti yangu inamfikia imechoka. Nikiwageukia wao moja kwa moja wazee wananuna, wanasema bibi shamba anatupita. Nikizungumza na wazee wananiitikia kwa adabu, na jambo linaishia pale pale. Je, niende katikati na ungo wa karanga niwape kina mama wachambue mbele ya wote? Au niombe mzee mmoja anayeheshimika ndiye aushike huo ungo? Naogopa pia mlevi mmoja tuliye naye, hakosi mkutano, atakuja kuzila zile mbovu ili watu wacheke.

Msiniambie nitanie watu. Nimeolewa huku, sikuzaliwa huku, na utani wangu kwa mtu wa rika la baba mkwe wangu utajadiliwa kabla sijafika nyumbani.

Mavuno ya karanga yamekaribia na mkutano utaitishwa kabla watu hawajaanza kung'oa, kwa hiyo nitashukuru nikijibiwa mapema. Na kama ipo lugha ya kumwomba mwenyekiti anitoe kwenye "Mengineyo" anipandishe juu ya ng'ombe, bila kuonekana najikweza, nifundisheni. Ni mtu mzima, na muhuri wake bado nauhitaji kwenye ripoti zangu.

Wenu,
Bibi Shamba, Kongwa