Shukrani kwa mzee wa kofia ya kiua

Juzi, katika duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe, niliona bunduki kuukuu ya kijeshi imeegemezwa nyuma ya makasha. Muuzaji akaapa kuwa ilipigana vita vya Waingereza na Zanzibar vya Agosti 27, 1896, vile vya dakika 38 hivi. Nikatoa arubuni ya laki moja palepale. (Mimi na historia, akili hunihama.)

Mzee mmoja akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu." Akaelekeza mdomo wa bunduki ukutani, akavuta komeo, akatia kidole cha mwisho kuhakikisha hamna risasi. Kisha akatia leso yake mafuta, akasugua kutu ubavuni hadi pakasomeka: taji, herufi GR, mwaka 1917.

"GR ni Mfalme George wa Uingereza. Mwaka 1896 alikuwapo Malkia Victoria, wangepiga VR."

Muuzaji kimya. Mzee akazungumza naye taratibu, bila kumvunjia heshima, nikarejeshewa pesa zote. Akanishauri pia nisithubutu kupanda boti ya Pemba na silaha, hata mbovu, kabla ya kuwauliza polisi. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Chai alikataa, jina hakusema. Ahsante sana, babu. Leso yako ninayo, nimeifua.