Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Alama, Kutu na Mipini ya Nyundo Zetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mtunza hazina, na orodha ya nyundo za chama imebandikwa ukutani. Mimi nitazungumzia usafishaji, kwa sababu ndio uliokula muda mwingi wa kamati mwaka huu. Katika nyundo zilizoletwa kukaguliwa, hasara iliyotokana na brashi, moto na siki ilikuwa kubwa kuliko iliyotokana na kutu.

Alama ya mtengenezaji kwa kawaida hugongwa ubavuni mwa kichwa, tena kwa kina kidogo sana. Brashi ya waya inayozungushwa na mashine huifuta kwa dakika chache. Umbo peke yake halitatuokoa. David Maydole, mhunzi wa Norwich katika jimbo la New York, ndiye aliyerefusha tundu la nyundo ya seremala, yaani mahali mpini unapoingia, kuelekea chini, miaka ya 1840, ili kichwa kiukumbatie mpini vizuri zaidi kisichomoke. Viwanda vingi viliiga umbo hilo, na alama ikishafutika hakuna wa kukuambia kwa hakika kichwa ulichoshika kilitoka wapi. Kwa hiyo, kabla ya kusugua chochote, mulika tochi kutoka pembeni, mwanga ulale juu ya chuma: herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Piga picha. Kisha weka karatasi nyembamba juu ya alama na uipitishe penseli laini ikiwa imelazwa.

Kutu nyepesi hutoka kwa mafuta mepesi na sufi ya chuma namba 0000, iliyo laini kuliko zote. Ukishaona rangi ya kahawia iliyotulia, isiyoacha unga kidoleni, simama hapo. Hiyo ni ngozi ya nyundo. Kung'arisha hadi uso uwe kioo kuna maana kwa nyundo ya sonara ya kulainishia tu, kwa kuwa kila kovu la uso wake huhamia kwenye madini ya fedha yanayofuliwa. Nyundo ya seremala inayong'aa hivyo inatia shaka zaidi kuliko inavyopendeza.

Kutu nzito iondolewe kwa umeme. Chukua ndoo ya plastiki, maji, na soda ya kufulia kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 ufungwe kwenye kichwa cha nyundo, na waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu cha kawaida. Vipande hivyo viwili visigusane. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, maana huachia kwenye maji sumu ya kromiamu. Kazi hii ifanyike mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa mapovu yanayopanda yana haidrojeni. Na chaja izimwe kabla ya mkono kuingia majini. Kichwa kikitoka, kisuuzwe, kikaushwe na kupakwa mafuta papo hapo, la sivyo kutu mpya huanza baada ya dakika chache. Nyundo yenye mpini wake wa asili haizamishwi. Zile za Estwing, kampuni ya Rockford, Illinois, iliyoanza 1923, ambazo kichwa na mpini ni kipande kimoja chenye pete za ngozi, nazo hazizamishwi: ngozi ikilowa hukakamaa na kunywea.

Siki tumeikataa kwa nyundo za chama. Haichagui, inakula kutu, kisha inakula chuma kizima na kukiacha kijivu kisicho na uhai.

Kuhusu mipini, kosa baya kuliko yote ni kuchoma mti uliobaki ndani ya tundu. Ugumu wa uso wa nyundo ulipatikana kwa joto lililopimwa, na moto wa kuni hulipita mbali. Chuma kikishafika rangi ya buluu, karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ugumu umepungua sana. Mnunuzi anaweza kupima kwa tupa nzuri ukingoni mwa uso: ikiteleza, ugumu upo; ikiuma kirahisi, kichwa kimelainika. Njia salama ni kukata mpini kwa msumeno chini ya kichwa, kutoboa mti kwa kekee ukizikwepa kabari za chuma, kisha kuusukuma utokee juu, kwa kuwa tundu hupanuka upande huo.

Mpini mpya uwe wa mti uliokauka, nyuzi zimenyooka, na pete za mti zinazoonekana kwenye ncha zielekee upande wa pigo. Hikori ndiyo kawaida kwa nyundo za Marekani, na eshi kwa za zamani za Uingereza. Mwanya wa kabari ukatwe theluthi mbili ya kina cha tundu. Kuingiza kichwa, shika nyundo kichwa kikiwa chini, hewani, ugonge kitako cha mpini. Kwa uzito wake, kichwa kitaupanda mpini chenyewe. Acha mti uchomoze milimita 3 hivi, gonga kabari ya mti, halafu ya chuma kwa mshazari.

Ule mtindo wa kuloweka nyundo iliyolegea uachwe. Mti huvimba ndani ya chuma kisichotanuka, nyuzi zake husagika, na ukikauka hunywea kuliko mwanzo. Paka mafuta ya kitani, na vitambaa vyake vitandazwe nje vikauke. Vikikunjwa na kurundikwa hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka.

Onyo kwa maonyesho yetu: uso wa nyundo usigongwe kwa uso wa nyundo nyingine. Vyuma viwili vigumu hurusha vipande, na miwani ya kinga haikwepeki.

Hoja moja inahitaji kura zenu leo: kwamba nyundo yoyote iliyowekwa mpini mpya, ikiletwa kukaguliwa, iambatane na mpini wa zamani hata kama umevunjika, pamoja na kabari zake, vikiwa vimefungwa kadi inayotaja siku ya badiliko na mti uliotumika.