Wifi, watoto wale walijua

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Sote wazima, mama tu na kikohozi chake cha kila mwaka. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umesema kijana wetu amepewa kitabu shuleni kwao huko Uingereza, amekimaliza huku analia, na sasa anataka aambiwe kama mambo yale yalitokea kweli. Ukasema nimjibu mimi, kwa kuwa ndiye shangazi na ndiye mwalimu wa fasihi. Nakujibu hadharani, maana wazazi wengine nao wameshaniuliza habari za kitabu hichohicho.

Hayakutokea, wifi. Kitabu ni The Boy in the Striped Pyjamas cha John Boyne, kilichotoka mwaka 2006 na kufanywa filamu mwaka 2008. Bruno, mtoto wa mkuu wa kambi ya Wanazi, wale waliotawala Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, ana miaka tisa. Anakutana na Shmuel, mvulana Myahudi waliyezaliwa naye siku moja, na wanakuwa marafiki huku waya wa kambi umewatenganisha. Mwisho Bruno anavaa nguo za mistari, anapenya chini ya waya, na wote wawili wanaswagwa kwenye chumba cha gesi. Mwandishi mwenyewe alikiita kitabu chake hekaya, na hekaya ina ruhusa zake. Sungura huongea na fisi, hakuna anayeuliza wamejifunzia wapi lugha moja. Tabu ni kwamba hekaya hii imejengwa Auschwitz, kambi ya Wanazi huko Poland, mahali palipouawa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja wao wakiwa Wayahudi. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalisema waziwazi kwamba yeyote anayesoma au kufundisha historia hii akiepuke kitabu hicho.

Mimi siendi mbali hivyo. Usimnyang'anye mtoto kitabu alichokilia. Ila kaa naye, na haya ndiyo ningemweleza.

Tuanze na Shmuel. Treni zilipofika Auschwitz, daktari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, alisimama akawagawa watu: hawa wakafanye kazi, hawa wafe leo. Mtoto wa miaka tisa hakuwa wa kazi. Walioachwa hai walikuwa wachache na kwa sababu maalumu, kama mapacha ambao daktari wa kambi Josef Mengele aliwataka kwa majaribio yake. Watoto na vijana waliopelekwa pale walikuwa wapatao 232,000, na kati yao 216,000 walikuwa Wayahudi. Jeshi la Kisovyeti lilipoingia tarehe 27 Januari 1945 lilikuta hai kama 700 hivi. Wengine wachache walikuwa wameshahamishiwa kambi nyingine. Kwa hiyo Shmuel anayekaa alasiri kwenye waya usio na umeme wala mlinzi, akipiga soga, ni Shmuel ambaye kwa hesabu za pale angekuwa ameshakufa siku aliyoshuka kwenye treni.

Lakini Shmuel simgombi. Ninayegombana naye ni Bruno.

Bruno hajui kitu. Anaona watu wenye nguo za mistari, na kwenye filamu anadhani ni wakulima. Anasikia “Heil Hitler”, anadhani ni namna ya kusema kwaheri na mchana mwema. Wifi, mtoto wa afisa mkubwa wa SS, aliyesoma Berlin! Shule za Ujerumani siku zile zilianza vipindi kwa salamu hiyo. Mwaka 1938 kilitolewa kitabu cha picha cha watoto, Der Giftpilz, kilichowafundisha kumtambua Myahudi kama mtu anavyotambua uyoga wenye sumu. Mvulana akitimiza miaka kumi alikuwa anaingizwa kwenye kikosi cha vijana wadogo wa chama, na kuanzia 1939 lilikuwa jambo la lazima kisheria. Samaki mkunje angali mbichi: sidhani kuna methali ambayo Wanazi waliitekeleza kwa bidii kama hii. Bruno wa kweli angekuwa anahesabu miezi ili naye apewe sare.

Sasa mweke karibu na Anne Frank. Yeye si wa hadithi. Alizaliwa Frankfurt tarehe 12 Juni 1929, akajificha na familia yake Amsterdam kuanzia Julai 1942, nyuma ya ofisi ya baba yake, bila ruhusa hata ya kufungua dirisha mchana. Kwenye shajara yake, chini ya tarehe 9 Oktoba 1942, ameandika kwamba redio ya Uingereza inasema waliochukuliwa wanauawa kwa gesi. Alikuwa na miaka 13, kafungiwa ndani, kilomita mamia kutoka Auschwitz. Anne anajua, na Bruno anayeishi ukutani kwa kambi hajui!

Hapo ndipo ninaposhikwa na hasira, wifi. Boyne amempa mtoto usafi wa moyo kwa njia rahisi kuliko zote: amemnyima macho na masikio. Na upofu huo unawafaa watu wazima. Baada ya vita Wajerumani wengi waliapa kwamba hawakujua lolote. Kitabu kinawapa shahidi mzuri, mtoto mwenye adabu, wa nyumba yenye ngazi ndefu, ambaye kweli hakujua. Halafu tazama machozi yanaelekezwa wapi. Hadithi inaanza na Bruno na kuishia kwa baba yake Bruno aliyevunjika moyo. Msiba mkubwa unakuwa ni kwamba mmoja aliingia mle kwa makosa, kana kwamba wale wengine waliingia kwa haki. Mwulize kijana wetu kwa upole: ulipolia, ulikuwa unamlilia nani?

Usinielewe vibaya, si kila anayemfumba mtoto macho namchukia. Mwitaliano Roberto Benigni, kwenye filamu yake Life Is Beautiful ya 1997, naye anamfumba mtoto Giosuè. Baba anamwambia mwanawe kambi ni mchezo, wa kwanza kufikisha pointi 1,000 anapewa kifaru cha kweli. Pale askari Mjerumani anapofoka masharti ya kambi na yule baba, asiyejua Kijerumani hata kidogo, anajitolea kutafsiri na kubuni sheria za mchezo, mimi hucheka na kulia kwa wakati mmoja, na sioni aibu. Tofauti ni kwamba pale anayeficha ukweli tunamwona. Tunaona jasho lake. Kutojua kwa Giosuè kuna mtu anakulipia, na mwishoni anakulipia kwa roho yake. Kwa Bruno hakuna anayelipa chochote.

Ila nina wasiwasi na mazoea haya ya kutaka mtoto abaki malaika ndipo tumhurumie. Kwenye Schindler's List, filamu ya 1993 kuhusu mfanyabiashara Mjerumani aliyeokoa Wayahudi, kila mtu anamkumbuka msichana wa koti jekundu, akipita peke yake Kraków, Poland, huku mtaa wa Wayahudi unaangamizwa. Hana jina, hasemi neno. Kazi yake ni kuulainisha moyo wa Schindler. Wachache wanakumbuka filamu hiyohiyo ilivyomwonyesha mvulana anayetafuta pa kujificha, kila mahali pamejaa, mpaka anajitosa kwenye shimo la choo. Mle ndani anakuta watoto wengine, nao wanamfukuza: hapa ni petu, toka! Mimi naamini watoto wa shimoni kuliko wa koti jekundu. Wale wana akili, wana hofu, wana choyo ya uhai. Hawajamkosea mtu yeyote duniani, na wanajua kila kitu.

Na ndivyo walivyokuwa wa kweli. Mtaa wa Wayahudi wa Warsaw ulilishwa kwa sehemu kubwa na magendo, na watoto wadogo walipenya kwenye matundu ya ukuta kwenda kutafuta viazi na mkate. Mtoto wa umri wa darasa la pili ndiye aliyekuwa analisha nyumba. Kule Birkenau, sehemu ya Auschwitz, kuanzia Septemba 1943 hadi Julai 1944, Wanazi waliweka kambi ya familia za Kiyahudi zilizotoka Theresienstadt, mji wa kifungo katika nchi ya Wacheki, ili ulimwengu ukiuliza waonyeshe kwamba watu wapo. Kijana mmoja Mjerumani wa Kiyahudi, Fredy Hirsch, akapigania watoto wapate banda lao la mchana. Ukutani palichorwa Snow White. Walifundishwa, waliimba, walicheza. Mwanamke mmoja aliyekuwa mlezi wao alieleza baadaye walivyocheza: mmoja mkuu wa kambi, mwingine mkuu wa banda, wengine wanahesabiwa na kuvua kofia. Na siku moja walicheza chumba cha gesi. Walichimba shimo, wakatupia mawe moja baada ya jingine, mawe ndiyo watu, na wao wakaigiza vilio.

Sijaona filamu iliyothubutu kumwonyesha mtoto wa namna hiyo, yaani aliyenaswa, anayejua, na bado anacheza. Hata Andrzej Wajda, mwongozaji wa filamu wa Poland, hakuthubutu. Mwaka 1990 alitengeneza filamu ya Janusz Korczak, daktari na mwandishi aliyekataa kuwaacha yatima wake wapatao 200 na kupelekwa nao kambi ya mauaji ya Treblinka Agosti 1942. Kila kitu kinakwenda vizuri hadi dakika za mwisho, ambapo behewa linajifungua lenyewe na watoto wanaruka chini, wanakimbilia kwenye ukungu na bendera yao. Waliomshutumu Wajda walikuwa wengi. Ninamwelewa, lakini nipo upande wa walioshutumu.

Ukija likizo ukapitia Kigali, mpeleke kijana kule Gisozi, kwenye kumbukumbu ya mauaji ya 1994. Walioshiriki kuijenga walitoka kwenye kituo cha kumbukumbu za Maangamizi ya Wayahudi hukohuko Uingereza mnakoishi, na ndani kuna chumba cha watoto. Picha kubwa, chini yake jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo alioupenda, kisha namna alivyouawa. Hakuna malaika pale. Kuna mtoto aliyependa chipsi. Mtu anatoka akijua amempoteza nani.

Kuhusu watoto wa upande wa pili, wa nyumba ya mkuu wa kambi, ukweli wake upo na umefanywa filamu. Rudolf Höss, mkuu wa Auschwitz, aliishi na mkewe na watoto watano kwenye nyumba iliyopakana na kambi. The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, ya mwaka 2023, inatuonyesha mmoja wa wavulana yuko kitandani usiku anamulika meno ya dhahabu kwa tochi. Siku nyingine kaka anamfungia mdogo wake kwenye kibanda cha kuoteshea mimea na kumpigia sauti ya gesi inayovuja. Hakuna anayewaambia lolote. Huyo ndiye Bruno ninayemwamini. Ni mtoto, bado analelewa, na tayari anajua mchezo wa nyumbani kwao. (Jojo Rabbit ya 2019 nayo inamwonyesha mvulana wa miaka kumi aliyemezwa mzimamzima na propaganda. Hiyo acha kwanza. Mtoto akicheka, utaulizwa wewe kwa nini anacheka.)

Ili nisimwonee Boyne, kuna ukurasa mmoja ninaoupenda. Shmuel analetwa nyumbani kwa kina Bruno kusafisha glasi ndogo. Bruno anampa kipande cha kuku. Afisa mmoja kijana anaingia, anaona mdomo unatafuna, anauliza. Bruno anaogopa na kusema hajawahi kumwona mvulana huyu maishani mwake. Hapo ghafla tuna mtoto wa kweli. Amejua, amepima, amemkana rafiki. Kitabu kingekaa hapo, kingekuwa kitabu kingine.

Louis Malle, mwongozaji wa filamu Mfaransa, alikaa hapo. Alikuwa na miaka 11 Januari 1944, kwenye shule ya mapadre huko Avon nchini Ufaransa, Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipowachukua wanafunzi watatu Wayahudi waliokuwa wamefichwa na mkuu wa shule, Padri Jacques. Wavulana wale walipelekwa Auschwitz. Padri aliishi hadi kuona kambi yake ikikombolewa, akafa Juni 1945. Malle aliibeba siku ile hadi 1987 ndipo akatoa filamu Au revoir les enfants. Ndani yake, afisa wa Gestapo akiwa darasani anauliza nani ni Kippelstein, jina halisi la mvulana Myahudi aliyefichwa, na mwanafunzi Julien, bila kutaka, anageuka kidogo kumtazama rafiki yake. Basi, imetosha. Mtoto hana hatia, na jicho lake ndilo lililoonyesha. Hiyo kijana wetu anaweza kuitazama sasa, ukiwa naye.

Na mpe shajara ya Anne, yenyewe kamili, usimwanzishe na tamthilia ya 1955. Tamthilia ile inamwacha Anne akisema kwamba bado anaamini watu ni wema moyoni, watu wanafuta machozi, taa zinawaka. Kwenye shajara maneno hayo ni ya tarehe 15 Julai 1944, na sentensi chache mbele anaandika kwamba anaona dunia inageuzwa jangwa na anasikia ngurumo inakaribia, nayo itawaua na wao. Walikamatwa tarehe 4 Agosti. Asome yote mawili kwa pamoja kama alivyoyaandika, kwa maana msichana yule aliyashika yote mawili kwa wakati mmoja.

Kitabu cha mwisho ni cha Imre Kertész wa Hungaria, Fateless, cha mwaka 1975. Mvulana wa Budapest anafika Auschwitz, wafungwa wanamnong'oneza aseme ana miaka 16, anasema, anaishi. Akirudi nyumbani, mwandishi wa habari anataka amsimulie jehanamu. Yeye anajibu kwamba jehanamu haijui. Anachokijua ni kambi. Hicho usimpe sasa, atakichoka upesi kwa kuwa hakimbembelezi msomaji. Nakala yangu ninayo kabatini, nitampa mwenyewe akija. Msalimie kaka, na umwambie hela ya bati la mama imefika.

Wifi yako