Barua kwa Mwanaidi

Leicester, Jumapili usiku

Mwanaidi wangu,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Najua umeninunia, una haki. Sisi wazima, ila baridi. Zuwena kajifungua, mengine atakwambia mwenyewe.

Lililonishikisha kalamu ni Mama Salha. Alikuja juzi, akakaa jikoni mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwanawe mdogo, wa miaka 13, kamwambia yeye si msichana. Usingizi hapati, chakula hagusi, shule anakwenda akitaka. Huyu anamwambia mama mtu amkubalie yote upesi, yule anamwambia amkanye, yatapita. Basi kaja kwangu nimwambie kweli ni ipi. Mimi nesi wa wodi ya wazee! Ukishavaa sare hapa unaulizwa yote.

Nikaisoma ripoti ya Dk. Hilary Cass, daktari wa watoto aliyepewa kazi ya kuchunguza huduma za jinsia kwa watoto wa huku Uingereza, ile ya Aprili 2024. Watu wanaijua kwa dawa za kusimamisha balehe tu, kwamba ushahidi wake ni dhaifu, na kweli serikali ikazizuia kwa wagonjwa wapya walio chini ya miaka 18. Chama cha madaktari cha huku nacho kikataka utekelezaji usimame kwanza. Wanagombana mpaka leo. Lakini mimi nimenasa kwenye habari za ushauri nasaha. Hata huko ushahidi ni haba! Mtoto akishataja jinsia, wahudumu wa kawaida walikuwa wakimsukumia kliniki ya jinsia ya watoto ya Tavistock, London. Rufaa zilikuwa chini ya 250 kwa mwaka 2011/12, kufika 2021/22 zimepita 5,000. Foleni ikazidi miaka miwili, na huku msongo au usonji wa mtoto haukuwa na wa kuushughulikia. Cass hakusema watoto hawa waongo, wala kwamba dawa hazimfai yeyote. Hilo hulisikii likitajwa.

Wa Mama Salha naye yuko kwenye foleni. Kila mtu ana msimamo juu yake, wa kukaa naye hayupo.

Halafu kuna kichekesho. Shuleni wanavutana kwa Kiingereza aitwe "he" au "she", nyumbani kwa Kiswahili "yeye" ni yeye tu, hakuna ugomvi. Mpaka bibi apige simu kutoka Pangani: "Mwari wangu hajambo?" Mtoto anafunga mlango, hatoki mpaka asubuhi.

Wewe unakaa na watoto wa watu kila siku pale shuleni. Ungemwanzaje huyu? Ungemuuliza ya jinsia, au usingizi na chakula kwanza? Mtu anasikilizaje bila kumsukuma huku wala kule? Mimi nahisi… basi, niambie wewe kwanza. Bibi aambiwe, au aachwe na mwari wake? Unaweza kumpigia Mama Salha Jumamosi, yeye hawezi kuanza? Na ile kanga yangu, bado unayo au umeshaigawa?

Wako,
Rehema